Toleo Lijalo Tuliandike Sisi: Barua ya Wazi kwa Wachezaji wa Michezo ya Mezani wa Kawempe

Ndugu zangu wachezaji,

Barua hii ni kwenu nyote mnaokutana Kanyanya, Kikoni, Kyebando na Kazo siku za Jumapili, karatasi za wahusika zimetandazwa mezani na dadu za pande ishirini zikipita mkono hadi mkono kwa sababu hazitoshi. Nawaandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe tumelijadili sana pembeni, wakati wa kufungasha kurudi nyumbani, na kila mara linaahirishwa.

Siku hizi mazungumzo yetu yamegeuka ramli. Toleo lijalo la Dungeons & Dragons litatoka lini? Litaitwa la sita, au wataendelea kusema bado ni la tano? Mchawi ataongezewa nguvu au atapunguziwa? Mwaka 2025 wasanifu wawili wakubwa wa mchezo huo, Jeremy Crawford na Chris Perkins, waliondoka Wizards of the Coast, kampuni inayouchapisha, na mwezi Juni ikatangazwa kwamba wamehamia kampuni nyingine, Darrington Press. Tangu hapo kila anayeingia chumbani anaingia na utabiri wake. Mmoja anaapa kwamba kuondoka kwao ni dalili ya toleo jipya kabisa. Mwingine anamjibu kwamba kampuni haiwezi kutupa vitabu vilivyotoka juzi tu, kimoja Septemba 2024, kingine Novemba, cha tatu Februari 2025. Saa ya kwanza inakwisha hivyo, na mara nyingine hata ya pili.

Ombi langu kwenu ni moja: tuache kungoja. Toleo lijalo tuliandike sisi wenyewe, kwa Kiswahili, tuanze na tulicho nacho. Sina hasira na Wamarekani. Mchezo wao naupenda na nitaendelea kuucheza. Lakini sheria inaturuhusu, wengine wengi walifanya hivyo kabla yetu, na tunayo mambo ya kuuongezea ambayo hakuna msanifu wa kule Renton, Washington, atakayetuwazia.

Barua hii itasomwa pia na watu ambao hawajawahi kukaa nasi, kwa hiyo nieleze kidogo. Mchezo huu huchezwa na watu wanne, watano au sita waliozunguka meza. Mmoja ndiye msimamizi, tunayemwita DM: yeye husimulia ulimwengu, mvua inayonyesha, adui aliyejificha, mzee anayeuza dawa njiani. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, mwenye jina, ujuzi na udhaifu ulioandikwa kwenye karatasi. Mchezaji anasema, “Naruka ukuta.” Dadu inarushwa, namba inajumlishwa na uwezo wa mhusika, na kanuni zinaamua kama amevuka au ameanguka. Hakuna anayemshinda mwenzake, na hadithi moja inaweza kuendelea miezi na miezi. Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha mchezo wa kwanza wa namna hii Marekani mwaka 1974. Umefanyiwa marekebisho makubwa tena na tena tangu hapo, mwaka 1989, 2000, 2008, 2014 na 2024, na kila rekebisho limetanguliwa na ramli kama hii yetu na kufuatiwa na ugomvi.

Sasa sheria, na hapa naomba mnisome polepole, maana wengi mezani bado wanadhani tunacheza na mali ya watu.

Tangu mwaka 2000 mchezo huo ulikuwa na leseni iliyomruhusu mtu yeyote kuandika na kuuza visa vyake kwa kutumia kanuni za msingi. Mwanzoni mwa Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya. Kampuni ilitaka kuibatilisha ile ya zamani, na wachapishaji wakubwa watoe asilimia 25 ya mapato yanayozidi dola 750,000. Wachezaji wakaja juu. Wengi walifuta malipo yao ya kila mwezi kwa kampuni, na wachapishaji wadogo walioishi kwa leseni ile ya zamani wakapaza sauti. Kampuni ikatoa rasimu nyingine na kuomba maoni. Watu zaidi ya 15,000 wakajibu, na asilimia 88 wakasema hawako tayari kuchapisha kazi zao chini ya masharti hayo. Tarehe 27 Januari 2023 kampuni ikasalimu amri. Iliiacha leseni ya zamani kama ilivyokuwa, na juu yake ikaziweka kanuni za msingi za toleo la tano, kitabu cha kurasa takriban 400, chini ya leseni huria ya Creative Commons. Leseni hiyo ikishatolewa haiwezi kurudishwa. Aprili 2025 wakafanya vivyo hivyo kwa kanuni za msingi za toleo la 2024.

Maana yake ni kwamba yeyote kati yenu, pale pale alipo kando ya Barabara ya Bombo, anaweza kuzichukua kanuni zile, kuzitafsiri, kupunguza, kuongeza, kuzipeleka Nasser Road zichapwe na kuziuza Kalerwe, mradi ataje zilikotoka kama leseni inavyotaka. Haombi ruhusa. Halipi mtu. Ulimwengu wao wa Forgotten Realms haumo ndani ya ruhusa hiyo, wala jina la biashara la mchezo, na hivyo viwili hatuvihitaji. Tena sheria yetu ya hakimiliki hapa Uganda, ya mwaka 2006, inasema wazi kwamba mawazo, taratibu na mbinu hazilindwi kwa hakimiliki. Kurusha dadu na kujumlisha namba hakuna mwenyewe. Kampuni yenyewe ilitoa kanuni hizo kwa Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kiitaliano. Kiswahili hakimo, na hakuna anayetuzuia kukiingiza.

Hesabu ya fedha mnaijua, ila niiweke hapa kwa ajili ya wazazi wanaotuuliza tunangoja nini. Kitabu cha mchezaji cha mwaka 2024 kinauzwa dola 49.99 huko Marekani, na vitabu vya msingi ni vitatu. Vyote vitatu ni zaidi ya shilingi laki tano za Uganda kabla ya usafiri na ushuru. Mwalimu mwenye cheti cha daraja la tatu katika shule ya msingi ya serikali hapati hiyo kwa mwezi mzima. Kila toleo jipya likija, mezani kwetu anapatikana mmoja mwenye ndugu ng’ambo wa kumletea kitabu, na wengine tunachungulia juu ya bega lake. Ndiyo maana nasikitika tunapotumia Jumapili zetu kukisia kitakachoandikwa katika kitabu tusichoweza kukinunua.

Wapo waliochoka kungoja kabla yetu. Waswidi walikuwa na mchezo wao, Drakar och Demoner, tangu mwaka 1982. Wajerumani walianzisha Das Schwarze Auge mwaka 1984, na mpaka leo una wafuasi wengi kwao. Wajapani walitoa Sword World mwaka 1989, Wabrazili Tormenta mwaka 1999. Hata ndani ya Marekani, toleo la nne lilipotoka mwaka 2008 na wengi wasilipende, kampuni ndogo ya Paizo ilizichukua kanuni za zamani kwa leseni ileile, ikazirekebisha pamoja na wachezaji wenyewe, na mwaka uliofuata ikatoa Pathfinder. Wale hawakukaa wakiuliza toleo la tano litakuja na nini.

Na sisi watu wa Kampala kupatana juu ya kanuni si jambo geni. Keti na vijana wanaocheza karata za matatu kwenye steji ya boda yoyote hapa Bwaise. Karata hazijagawanywa, tayari wanakubaliana ipi inakata, ipi inamwokotesha mwenzako mbili, na mgeni kutoka Kenya anaelezwa desturi ya hapa kabla hajalalamika. Omweso nao, mchezo wetu wa bao wenye mashimo 32 na mbegu 64, ulikaa midomoni na mikononi mwa watu kwa vizazi, katika lubiri, makao ya Kabaka mfalme wa Buganda, na chini ya miti vijijini, na mwaka 1968 M. B. Nsimbi aliuandikia kijitabu. Kwa hicho, mtu ambaye hakulelewa karibu na mchezaji stadi anaweza kujifunza ushindi wa emitwe ebiri na ule wa akakyala. Mtu alikaa chini, akaandika. Hicho tu ndicho ninachokiomba.

Nije kwenye mambo yenyewe ya mchezo, maana najua nikiishia kwenye sheria mtasema nimeongea kama wakili.

Ubishi mkubwa kuliko wote katika toleo la 2024 ulihusu asili ya mhusika. Katika kanuni za 2014, ukichagua kuwa elfi unazaliwa na wepesi zaidi, ukiwa dwafu unazaliwa na mwili mgumu zaidi. Wengi waliona ubaya wa kuamini kwamba damu ya mtu ndiyo inayompa akili au nguvu. Katika toleo la 2024 nyongeza hizo zikahamishiwa kwenye malezi na kazi ya mhusika kabla hajawa shujaa, na yule aliye nusu elfi nusu binadamu akaondolewa kwenye orodha ya kitabu. Nimewasikia mkibishana kama toleo lijalo litamrudisha. Nami nikajiuliza: sisi tunaoishi mtaa ambamo baba ni Mganda na mama ni Mkongo, au baba ni Mnubi wa Bombo na mama ni Mtoro, kwa nini tungoje mtu wa mbali atuamulie namna mtoto wa watu wawili anavyohesabiwa?

Buganda ina jibu la zamani sana, nalo ni koo. Ziko zaidi ya 50, kila moja na mzizo wake, yaani mnyama au kitu ambacho watu wake hawali, na mtoto hufuata ukoo wa baba. Ukoo haumpi mtu misuli. Unampa kazi, jamaa na miiko. Mkuu wa ukoo wa Mamba (kwa Luganda ni samaki kamongo), Ggabunga, alikuwa msimamizi wa mitumbwi ya Kabaka ziwani. Watu wa Mbogo walimbeba Kabaka mabegani. Watu wa Ngonge walitengeneza nguo za magome ya mti wa mutuba, ufundi ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005 kuwa urithi wa dunia nzima. Huli mzizo wako, huoi ndani ya ukoo wako, na ukifika kijiji usichokijua, mtu wa ukoo wako ni ndugu yako hata kama hamjawahi kuonana. Halafu kuna kanuni moja inayovunja zote: Kabaka mwenyewe huhesabiwa katika ukoo wa mama yake. Kwa hiyo kiti hakifungwi na ukoo mmoja, na kila ukoo una sababu ya kuwa karibu na lubiri.

Liwekeni hilo mezani muone. Mhusika wa Mamba anapofika ukingo wa ziwa usiku, hatupi dadu kuona kama atapata mtumbwi. Tunauliza ni nani wa kwao anayeishi hapo na atamdai nini baadaye. Mhusika mwenye njaa anakuta nyama iliyochomwa, na ni ya mzizo wake. Atakula? Mrithi wa kiti anawindwa, na wanaomficha ni watu wa mama yake. Kanuni moja ya ukoo inazaa visa vingi kuliko jedwali lolote la nyongeza za namba. Na haiwahusu Waganda peke yao: meza yetu ina Waluo, Wahaya, Wanyankole na Wakongo, na wengi wao wana koo na miiko ya kwao waliyolelewa nayo. Kila mmoja aandike ya kwao.

Jambo la pili ndilo linaloninyima usingizi, kwa furaha. Katika mchezo wa Wamarekani shujaa ana akiba ya uhai kwa namba. Upanga unaondoa nane, moto unaondoa kumi na mbili, zikifika sifuri anaanguka. Namna hiyo inaeleweka haraka na inafanya kazi. Lakini mashujaa wetu hawafi hivyo.

Mkumbukeni Fumo Liyongo wa pwani. Mishale haikumwua, mikuki haikumwua. Alikufa kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyeitia ni mtoto wake mwenyewe, aliyeahidiwa makuu na mtawala wa Pate. Mkumbukeni Luanda Magere wa Waluo, mwenye mwili wa jiwe. Maadui walimpa mke, mke akagundua kwamba uhai wake uko kwenye kivuli, na mkuki ukakichoma kivuli. Na hapa kwetu yuko Kibuuka, aliyekuja kutoka visiwa vya Ssese kumsaidia Kabaka Nakibinge dhidi ya Wanyoro. Alipigana akiwa juu ya wingu, na hakuna aliyeweza kumfikia mpaka alipomchukua mwanamke mateka ingawa alikuwa ameonywa. Mwanamke akaijua siri, akatoroka, akaipeleka kwao, na wapiga mishale wakaanza kulenga mawingu. Kibuuka akaangukia juu ya mti kule Mbaale, Mawokota.

Watatu hao wametoka kwa watu mbalimbali na nchi zilizo mbali, lakini wamekufa kwa namna moja. Kila mmoja alikuwa na siri moja, na siri ikatokea nyumbani. Hakuna aliyechoshwa kidogo kidogo na mapanga.

Pendekezo langu la kanuni, ambalo tumelijaribu mezani kwetu Kanyanya, ni hili. Kila mhusika anapoundwa, mchezaji anaandika siri ya uhai wake kwenye kipande cha karatasi: kitu, mahali, saa au tendo linaloweza kumwua hata akiwa na nguvu zote. Kipande hicho hakikai kwake. Anampa mchezaji mwingine mmoja anayemwamini, na hakuna mwingine anayekiona isipokuwa msimamizi. Kadiri shujaa anavyozidi kuwa na nguvu ndivyo siri inavyozidi kuwa na bei, kwa sababu maadui wakishindwa vitani wanaanza kutuma zawadi, posa na ahadi kwa yule anayeishika. Anayeishika anaweza kununuliwa. Tulipocheza hivyo mara ya kwanza, dada mmoja aliyekuwa akishika siri ya mganga wetu aliahidiwa na mfalme wa hadithini kwamba nduguye aliyetekwa ataachiliwa. Alinyamaza. Chumba kizima kilimtazama, na hakuna aliyegusa dadu. Miaka yote niliyocheza kanuni za vitabu sikuwahi kuona meza ikishikwa hivyo na jambo lisilo na namba hata moja.

Niambieni, ni mtabiri gani kati yenu aliyewahi kukisia kwamba Wizards wataandika kanuni ya namna hiyo? Hawawezi, wala siwalaumu. Hawakulelewa na Liyongo.

Wamarekani walipojaribu kutuandika, matokeo yamekuwa mchanganyiko. Kitabu cha mwaka 1980 cha TSR, kampuni iliyouchapisha mchezo huo kabla ya Wizards, kilichokusanya miungu ya mataifa kiliwapa namba miungu ya Wagiriki, Wahindi, Wamisri, Wafini na wengine wengi. Kusini mwa Sahara hakikumtaja hata mmoja. Paizo nao wana bara lao la kubuni, na ndani yake nchi pana ya misitu waliyoiita Mwangi, jina ambalo sisi tunalijua kuwa la jirani yetu Mkikuyu. Mojawapo ya makabila waliyoyaweka humo linaitwa Zenj, kama wanajiografia wa Kiarabu walivyowaita watu wa pwani yetu. Kitabu chao cha mwaka 2021 kuhusu nchi hiyo ni kizuri kuliko vilivyotangulia, na chuo chao cha uchawi cha Magaambya kimenifurahisha kwelikweli. Nawashukuru kwa hilo. Bado nataka kuisoma nchi hii kwa kalamu ya mtu anayejua mfereji wa Lubigi ukifurika Bwaise watu wanapanda wapi.

Hapa kuna jambo gumu, na sitaki mtu aseme nimelikwepa. Kibuuka na nduguye Mukasa si hadithi za watu waliokwisha. Wako watu wanaowaheshimu leo, wenye mahekalu na watunzaji wao. Masalio ya Kibuuka yalichukuliwa wakati wa ukoloni yakawekwa katika jumba la makumbusho la Cambridge, na yalirudishwa Uganda mwaka 1962. Kitu ambacho watu walingoja kirudi nyumbani hakistahili kupewa namba ya uhai na kupigwa kwa dadu na vijana wanaokula rolex ya chapati na mayai. Nashauri balubaale, yaani miungu ya jadi ya Buganda kama hao wawili, wasipewe namba yoyote katika kitabu chetu, na mchezaji yeyote asiwaigize. Wanaweza kutajwa, kuapiwa, kuogopwa, na neno lao kufika kupitia mtu aliyetumwa, basi. Na kabla ya kuandika hata hilo, tuwaendee wazee wenye dhamana tukaulize.

Najua upande wa pili pia. Wazazi waliookoka na wazazi Waislamu wengi hapa Kawempe wakisikia neno “pepo” mchezoni wanafunga mlango. Marekani nao walipita huko miaka ya 1980, na shinikizo lilipozidi, toleo la mwaka 1989 liliondoa majina ya mashetani na kuweka majina ya kubuni. Mimi naona waliondoa kwa woga, na ndiyo maana baadaye waliyarudisha. Sisi tuwaalike wazazi waketi, wasikie hadithi moja ya jioni nzima. Wengi watakuta ni zilezile walizosimuliwa na bibi zao.

Kuhusu lugha nitasema machache. Wapo kati yetu ambao Kiswahili kwao bado kinanuka kizuizi cha barabarani na askari mwenye bunduki; wamekikuta hivyo kwa wazazi wao, na maumivu hayo ni ya kweli. Anayetaka kuandika toleo la Luganda aandike, nitamsaidia. Lakini mezani kwangu ameketi kijana wa Arua, dada wa Bukavu na mwanafunzi wa Makerere aliyetoka Kisumu, na kicheko kinapotoka, kinatoka kwa Kiswahili. Tangu Julai 2022 Baraza la Mawaziri limeridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto hao watahitaji kitu cha kusoma ambacho si mtihani.

Nimewasikia wanaosema kwamba kukisia ni sehemu ya raha. Nakubali. Mtu hakisii jambo asilolipenda, na baadhi ya tabiri zenu ni usanifu mzuri kabisa uliokosa daftari. Yule bwana wa Kazo anayedai kila wiki kwamba toleo lijalo litaufanya uganga uhitaji mimea halisi yenye msimu wake, ameshasanifu sura nzima ya waganga bila kujua. Nani atamwandikia? Nimewasikia pia wanaohofu kwamba tukijitenga tutakosa visa vyote vinavyochapishwa kwa Kiingereza. Tukijenga juu ya kanuni zile za msingi zilizo huru hatutajitenga: kisa cha Mmarekani kitachezeka kwetu, na chetu kitachezeka kwao wakitaka kujua namna ya kumwua mtu ambaye hauliki kwa upanga.

Kazi igawanywe hivi, kama mtakubali. Sura ya kuunda mhusika, pamoja na koo na siri, nimeianza mimi, na rasimu yake italetwa mezani Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao ipasuliwe bila huruma. Dada wa Bukavu ameahidi sura ya safari za ziwani na barabarani. Bwana wa Kazo apewe waganga na mimea yake, na mtu mwenye mwandiko mzuri akae naye. Vijana wa Kikoni mnaosoma sheria, naomba mpitie maneno ya leseni na kutuandikia ukurasa wa mwanzo wa kutaja chanzo, usiwe na kasoro. Anayefahamiana na mtu wa mashine Nasser Road aulize bei ya kijitabu cha kurasa 64, karatasi ya kawaida, jalada la rangi moja. Kila meza ijaribu kanuni ya siri walau katika hadithi moja fupi na kuandika palipokwama.

Sura ya mapigano bado haina mwenyewe. Anayeitaka aniambie kabla ya Jumapili hiyo.

Mchezaji mwenzenu,
Kanyanya, Kawempe